Mkono wa Lusenge

Meza ile ilivuka mpaka wa Kasindi vipande vipande, juu ya lori la samaki wa chumvi, ikitoka klabu moja iliyokufa ya wazungu wa migodi upande wa Kasese, Uganda. Watu wa forodha waliizunguka wakitikisa vichwa. Miguu yake ilikuwa minene kama nguzo za kanisa, na mawe yake bapa meusi yalihitaji wanaume wanne kuinua moja.

"Patron, hii ni kitanda ya nani?" mmoja wao akauliza. "Ya tembo?"

"Ni muchezo," Gérard akajibu. Akafungua sanduku akawaonyesha mipira, myekundu mingi, na mingine ya rangi rangi, mweusi ukiwa mkubwa wao kwa thamani. "Kule banaita snooker."

Ilipofika Butembo, kwenye baa ya Gérard, barabara ya kupanda Rughenda kwenye uwanja wa ndege, jina lilikuwa limekwisha kuwa sinuka. Meza za biyar, yaani biliadi, za kawaida zilikuwepo mjini, ndogo ndogo, kila pembe ya soko. Lakini sinuka ilikuwa moja tu, na watu walikuja hata kuipapasa kitambaa chake cha kijani kama wanavyopapasa ng'ombe wa mtu tajiri.

Léa, mke wa Gérard, hakuipenda. Ilikula nusu ya nyumba. Walikuwa wameoana miaka mingi bila kupata mtoto, na akaona mume wake amejiletea kitu cha kufuta vumbi kila asubuhi badala ya mtoto. Baadaye mtoto alikuja, lakini si kwa njia waliyoiomba kanisani.

Gérard alikuwa na dada aliyeolewa upande wa Lubero. Mume wa dada huyo alikuwa mvushaji wa kahawa ya magendo, mtu wa mkono mwepesi, na siku moja alimpiga mke wake kwa mchi wa kutwangia mpaka akafa, kwa sababu ya maneno ambayo hakuna aliyeyajua tena. Kisha akatokomea msituni upande wa Walikale. Kijana wao, Kakule Lusenge, alikutwa amekaa mlangoni, ameukumbatia ule mchi, akikataa kuutoa kwa mtu yeyote. Gérard alikwenda kumzika dada yake, akarudi na kijana.

Miezi ya kwanza Lusenge hakusema neno. Shuleni alimng'ata mwenzake sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni. Walimu wakamfukuza. Léa alimwogopa, ingawa alimpikia bugali na sombe ya majani ya muhogo kama mtu wa nyumbani, na alimwita mwanangu kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia kuwa ya kuazima.

Siku moja alipotoka misa akamkuta Lusenge peke yake ndani ya baa, ameinama juu ya sinuka, fimbo ya kuchezea mkononi. Hakuna aliyemfundisha. Alipiga mpira mweupe, mweupe ukaugonga mwekundu, mwekundu ukazama shimoni bila kelele, na mweupe ukarudi nyuma taratibu kama mbwa aliyeitwa. Alipiga mwingine. Na mwingine. Léa alisimama na kitambaa chake cha kanisa kichwani, hajui kama aingie au atoke.

"Nani alikuonyesha vile?" akauliza mwishowe.

Kijana hakugeuka. "Hakuna. Iko nasema yenyewe kwenye inataka kwenda."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia. Tangu siku hiyo Léa aliifuta meza ile vumbi bila kunung'unika.

Kabla ya ndevu kumkomaa, Lusenge alikuwa amekwisha kumshinda kila mtu wa Butembo. Walikuja wafanyabiashara kutoka Beni, wakaja madereva wa malori ya Uganda walioujua mchezo tangu utotoni, wakavua makoti, wakakunja mikono ya shati, wakashindwa. Alikuwa na namna yake. Kwanza aliizunguka meza mara moja, kiganja kikisugua ubao wa pembeni, macho chini, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha alianza, na akianza hakuna aliyemeza mate. Mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, mpaka meza ikawa uwanja mtupu, na mpinzani wake hajapata hata nafasi ya kupaka chaki fimbo yake. Wazee waliolewa pombe ya kasiksi walilia machozi. Mmoja alisema mkono ule haukuzaliwa na mwanamke, ulitumwa.

Lakini mkono ni ule ule. Fundi mwashi mmoja alimcheka ili kumkosesha shabaha, Lusenge akamvunja meno ya mbele yote. Dereva mmoja alimwita mwizi, akatolewa nje ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Hasira yake haikuwa na ngazi. Mtu alimwona ametulia kama maji ya mtungi, na kufumba na kufumbua damu ilikuwa ukutani. Kila mara Gérard alikwenda kwa watu hao na mbuzi, akakaa kwenye kiti cha chini, akaomba msamaha kwa niaba ya mwipwa wake.

"Utamwombea mpaka lini?" Léa alimwuliza.

"Mpaka ajue kuomba mwenyewe."

Vita vya kwanza vilipita Butembo kama mvua ya mawe, vikavunja vilivyovunja, vikaenda zao Kinshasa. Vya pili vilipokuja havikupita. Vilikaa. Askari walijaa mjini, wa lugha nyingi, na wengi wao hawakuwa na kazi mchana isipokuwa kunywa. Baa ya Gérard haikuwa na haki ya kufunga mlango.

Kati yao alikuwepo askari mmoja wa cheo cha ajida, jina lake Mardochée, kijana mrefu kutoka mkoa wa Équateur, mwenye Kilingala kitamu na kicheko kikubwa. Alikuwa mchezaji mzuri wa biyar, amewashinda wenzake wote kutoka Kisangani mpaka hapa, na kila alikofika aliambiwa: ngoja ufike Butembo, kuna Lusenge. Basi akafika.

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi, baa imejaa mpaka dirishani. Mardochée alicheza vizuri kweli, Léa mwenyewe alikiri. Lakini Lusenge aliisafisha meza mara ya kwanza, akaisafisha mara ya pili, na mara ya tatu raia walisahau bunduki zilizoegemezwa ukutani, wakapiga makofi. Hapo ndipo kicheko cha Mardochée kilipobadilika. Mtu fulani, na hakujulikana nani, alikuwa amemnong'oneza habari za nyumba ya Lubero.

"Sasa nimejua kwenye ulijifunza," akasema kwa nguvu, ili kila mtu asikie. "Banasema baba yako alichezeaka mama yako vile vile na fimbo. Alimupiga, alimupiga, mpaka mama akaingia mu shimo."

Askari wakacheka.

Lusenge aliigeuza fimbo, akaishika upande mwembamba. Léa aliona akiigeuza, akafungua mdomo kupiga kelele, lakini mkono ule haukuwahi kungoja kelele za mtu. Upande mnene ulimpata Mardochée katika jicho la kushoto. Sauti yake ilikuwa kama yai linapoangukia jiwe. Mardochée alikaa chini, mikono usoni, na kilichotoka katikati ya vidole vyake hakikuwa damu peke yake.

Gérard alimkamata mwipwa wake kwa shati, akamburura mpaka mlango wa jikoni, akamsukuma nje.

"Kimbia! Shuka mu bonde, hapana geuka!"

"Mujomba, weye…"

"Kimbia nasema!"

Na Lusenge akakimbia.

Askari kwanza walimbeba mwenzao kwenda hospitali. Kwa muda Léa alidhani Mungu amewafunika macho. Watu wote walikuwa wametawanyika, na Gérard alikuwa akiokota chupa, moja moja, kama siku yoyote. "Tuende kwa Phinées," Léa akamsihi. Phinées alikuwa kaka mkubwa wa Gérard, alikaa ng'ambo ya bonde. Gérard akasema wakikuta nyumba tupu watachoma mtaa mzima.

Walirudi jua likiwa bado juu, wengi kuliko walivyoondoka. Mkubwa wao hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Iko wapi?"

"Alikwenda."

"Wapi?"

"Sijue. Ni mutoto yangu. Miye ndiye nilimulea. Kama munatafuta mutu, mukamate miye."

"Vizuri," yule akasema.

Wakamlaza Gérard juu ya sinuka, kifudifudi. Wawili wakashika miguu, wawili mikono. Fimbo za kuchezea zilikuwa zimepangwa ukutani katika ubao aliouchonga mwenyewe, wakazichukua. Walipiga na fimbo moja mpaka ikavunjika, wakachukua nyingine. Léa aliruka juu ya mmoja wao, akamng'ata shingo, akagongwa na kitako cha bunduki sikioni, na tangu dakika hiyo sikio lake la kulia halikusikia kitu tena duniani. Kutoka sakafuni aliona mguu mmoja wa mume wake ukining'inia pembeni ya meza, kiatu kimetoka, soksi ina tundu kwenye kisigino. Aliwaza kwamba alipaswa kuishona ile soksi. Fimbo zilipokwisha zote, mkubwa wao akampiga Gérard risasi ya kichwa, pale pale juu ya kitambaa cha kijani, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha.

Léa alimvuta mume wake kutoka motoni kwa miguu. Nywele zake mwenyewe ziliungua, na ngozi ya mikono yake ikabaki na mabaka mpaka leo. Majirani walimkuta uani ameupakata mwili, akipuliza vidole vya marehemu kama mtu anavyompulizia mtoto aliyeshika sufuria ya moto.

Gérard alizikwa kesho yake. Padri alisoma misa haraka haraka, maana risasi zilisikika upande wa soko. Lusenge hakuonekana.

Mwaka ulipita, na habari zake zikaanza kufika kupitia wanawake wa soko na matanboy wa malori. Lusenge yuko Beni. Lusenge amekuwa mtu wa komanda Octave. Lusenge anavaa viatu vya kung'aa, anacheza mbele ya wakubwa wa majeshi, na haijapatikana bado mtu wa kumshinda. Watu walizungumza kwa fahari, mtoto wetu wa Butembo. Léa, aliyekuwa akiuza maharage akikaa kwenye chumba kimoja kwa shemeji yake, aliyasikia hayo kwa sikio lake moja, na moyo wake ukawa mchungu kama nyongo iliyopasukia nyama.

Phinées aliwaita wanaume wa ukoo. "Ndugu yetu alikufa sababu ya mukono ya huyu mutoto," akasema. "Akuye asimame mbele yetu. Nani ataenda kumuleta?"

Wanaume walitazama chini. Njia ya Beni ilikuwa na bariyeri nyingi za askari, na mwanamume wa rika lao akisimamishwa huenda asirudi.

"Miye nitaenda," Léa akasema.

Hakumwambia mtu kwamba chini ya maharage, ndani ya kikapu, aliweka kisu cha kukatia nyama ya mbuzi, ambacho kilikuwa kimenusurika jikoni.

Alipanda lori la mbao, akapita Maboya, akapita mlima wa Kabasha, akishuka kila bariyeri na kupanda tena, akiacha vikombe vya maharage kwenye mikono ya vijana wenye bunduki. Beni alielekezwa kwenye nyumba kubwa ya mfanyabiashara wa kahawa aliyekimbia. Komanda Octave ndiye aliyekaa humo sasa. Léa aliingia kwa mlango wa nyuma kama muuzaji, akapokelewa na mpishi, msichana mwembamba anayeitwa Yolande.

Kutoka jikoni aliweza kuona baraza, na meza ndogo ya biyar, na wanaume wenye chupa. Na Lusenge. Alikuwa amenenepa shingo. Yolande alipompelekea maji akakawia kidogo, Lusenge alimchapa kofi bila kumtazama, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea kupaka chaki.

Yolande alirudi jikoni ameshika shavu. "Hapana shangaa, mama," akasema. "Hata baaskari banapigwa. Hapa kila mutu eko na mutu wake wa kupiga."

"Nani anabapiga?"

"Komanda. Aliwekaka sheria: mwenye anashindwa anakula chikoti. Na unajua anachezesha Lusenge na nani kila juma?" Akaonyesha kwa kidevu.

Kwenye kona ya baraza alisimama mtu mrefu aliyefungwa kipande cha ngozi kwenye jicho la kushoto. Léa alimtambua kabla hajageuka. Ilikuwa Mardochée.

"Komanda anapenda ile sana," Yolande akaendelea kwa sauti ya chini. "Mutu wa kutoboa jicho na mutu wa kutobolewa, kwa meza moja. Yule wa jicho moja hajashindaka hata siku moja. Mugongo yake, mama, ni sawa barabara ya mvua."

Léa alitafuta furaha moyoni mwake akaikosa. Mardochée hakuwa pale siku ya Gérard, alikuwa hospitali akipiga kelele. Wenzake ndio waliofanya, na wenzake hao wametawanyika nchi nzima, hawana majina.

Lusenge alikuja jikoni kutafuta chumvi ya kula na nyama, akamwona Léa. Alipiga magoti katikati ya magunia ya makaa, na viatu vyake vya kung'aa.

"Mama."

"Hapana niita mama."

"Nilisikia kwa batu ya lori. Nilitaka kurudi. Mujomba…"

"Hapana taja ye na hiyo kinywa!" Léa akatoa kisu chini ya maharage. Yolande akaziba mdomo. "Unaona hii? Nilibeba toka Butembo."

Lusenge akakitazama, kisha akavuta ukosi wa shati lake, akainua kidevu. Hakufumba macho. Léa aliona mshipa ukicheza shingoni, na mkono wake uliokuwa umepanga jambo hili njia yote kutoka Kabasha ukawa mzito kama ulioshika jiwe la ile meza.

"Nimekuona unapiga huyu mutoto mwanamuke," akasema. "Nilifikiri natafuta mwipwa ya Gérard. Kumbe ni baba yako ndiye eko hapa, na viatu mupya."

Maneno hayo yakaingia mahali ambapo kisu kisingefika. Uso wa Lusenge ukawa wa majivu. Kutoka barazani Octave akapaza sauti: "Lusenge! Kuya! Jicho Moja anakungojea!"

Léa aliushika mlango wa jikoni, akatazama. Aliujua mchezo ule kuliko mwanajeshi yeyote pale, kwa miaka ya kufuta vumbi na kuangalia. Lusenge alianza kama kawaida yake, kiganja kwenye ubao, macho chini. Mipira ikazama mmoja baada ya mwingine, askari wakapiga miluzi. Mardochée alikuwa amekwisha kufungua vifungo vya shati, maana alijua kinachofuata. Ukabaki mpira mmoja, mweusi, karibu na shimo la pembeni, mpira ambao hata mlevi angeuingiza.

Lusenge aliinama. Na Léa akaona kiwiko. Alipokuwa akipiga kweli, kiwiko chake kilitulia kama kilichopigiliwa msumari. Sasa kilitoka nje kidogo sana, upana wa uzi. Mweusi uligonga midomo ya shimo, ukatetemeka, ukatoka. Hakuna aliyeona jambo jingine isipokuwa bahati mbaya. Kukosa kule, jinsi kulivyofanywa, kulikuwa kugumu kuliko mipira yote aliyowahi kuizamisha.

Mardochée akauingiza. Kisha Octave akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Leo Mungu amelala! Mupe Jicho Moja chikoti. Apige yeye mwenyewe."

Wakamlaza Lusenge kwenye ngazi za baraza. Mardochée alipiga. Mwanzoni alipiga kwa mwaka mzima wa giza upande wa kushoto wa dunia, na kila pigo lilifungua nyama. Shati liliingia ndani ya mgongo, damu ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye mchanga. Lusenge aliyeweza kumvunja mtu kwa dakika moja alishika ukingo wa saruji kwa ule mkono wake, hakuuinua. Kisha Mardochée akapunguza. Kisha akaacha, kabla ya kuambiwa, akaitupa chikoti chini, akaondoka akijifuta jasho.

Léa alimwosha majeraha kwa maji ya chumvi pamoja na Yolande. Hakumbembeleza.

"Yule wa jicho umemwomba pardon," akamwambia. "Kwa Gérard bado. Shemeki Phinées anakungojea."

"Hawataniacha nitoke, mama."

"Siku watakuacha, kuya."

Akapanda lori, akamwacha pale. Njiani alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kuli aliyekaa karibu naye akadhani amefiwa jana. Kile kisu alikirudisha Butembo, akakatia sombe.

Siku ile ilifika baada ya misimu miwili ya mvua. Wakubwa wa Beni waligombana wao kwa wao, wakapigana mji mzima, mizinga ikaangukia nyumba za watu wasiojua hata ugomvi ni wa nini. Octave aliuawa na walinzi wake mwenyewe, wakamvua viatu wakamwacha mtaroni. Lusenge alitembea kwa miguu kupitia mashamba, akala mihogo mibichi, akafika kwa Phinées asubuhi moja watu wakinywa uji. Hakuwa na mbuzi wa kuleta. Alisimama uani mikono mitupu.

"Nimekuya," akasema.

Wanaume wa ukoo walikuwa wamengoja miaka. Hakuna aliyekaa kwenye kiti kuanza kikao. Wa kwanza alimpiga ngumi, wa pili akampiga mtama, kisha wakawa wote, kwa fimbo, kwa mateke, kwa mpini wa jembe. Phinées mwenyewe, mzee wa kanisa, alimpiga akimwita Gérard kwa jina kila pigo. Goti la Lusenge lilivunjika kwa mlio ambao hata wanawake jikoni waliusikia. Hakujikinga. Alikuwa amelala ubavu, akimtazama Léa katikati ya miguu ya wajomba zake.

Léa alitazama. Aliacha muda upite ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Kisha akaingia katikati yao, mpini ukamgonga bega.

"Inatosha."

"Ondoka, Léa," Phinées akahema.

"Nani ni mujane hapa? Weye ao miye? Nimesema inatosha."

Phinées aliushusha mpini. "Weye ndiye mujane," akasema. "Ukisema inatosha, inatosha." Kisha akaketi chini kwenye udongo, akalia kama mtoto, na mmoja wa vijana akaenda kutafuta ubao wa kufungia goti.

Lusenge aliponea kwa Léa. Goti halikurudi sawa. Alianza kuchechemea mpaka kwenye majivu ya baa, akafyatua matofali, akayachoma, akajenga ukuta mmoja kila alipoweza kusimama. Yale mawe ya sinuka yalikuwa yamepasuka kwa moto, wakayasukumia bondeni. Léa alinunua biyar ndogo ya kawaida, na siku ya kufungua mlango mtaa mzima ulikuja. Lusenge alicheza akiegemea goti bovu, na mkono ulikuwa ule ule. Watu wa Beni walikuja tena, na wa Kasindi. Hakugombana na mtu, ingawa jioni nyingine Léa alimkuta amekaa gizani amekunja ngumi, akipumua kama aliyebeba gunia.

Mwaka wa mwisho wa vita, vijana wa msituni walishuka mjini na bunduki zao na majani kichwani. Kundi moja likaingia baa mchana, likamshindanisha mkubwa wao na Lusenge. Mkubwa huyo alishindwa, bila shaka. Akatema mate kwenye kitambaa.

"Munamusifu huyu?" akawaambia wenzake. "Mujomba yake alichinjwa sawa mbuzi sababu yake. Yeye, mwanaume, akakimbia."

Léa alikuwa nyuma ya kaunta. Aliona fimbo ikianza kugeuka mkononi mwa Lusenge. Aliona bunduki, tano au sita, na ukuta mpya, na meza, na majirani dirishani.

Fimbo ilisimama. Lusenge aliilaza juu ya meza polepole, akachechemea kwenda nje kwa mlango wa jikoni.

Kisha ikasikika sauti kama ya mtu anayepasua kuni. Léa alikimbilia uani. Lusenge alikuwa amesimama mbele ya ukuta alioujenga mwenyewe, akiupiga kwa ngumi ya kulia, kwa nguvu zake zote, bila kelele, pigo baada ya pigo. Matofali yalikuwa yamelowa damu. Mfupa mmoja mweupe ulikuwa umetoka juu ya kidole, na bado alipiga. Léa akamkumbatia kwa nyuma, akamfunga mikono kiunoni, akaning'inia kwa uzito wake wote mpaka wakaanguka pamoja.

Vijana wenye bunduki walikuja mlangoni kutazama. Mmoja alianza kucheka, akaacha. Mkubwa wao aliuangalia ule ukuta, akauangalia mkono, akasema neno moja kwa Kinande, lugha ya huko, ambalo Léa hakulishika kwa sikio lake bovu. Wakatoka, hata bia zao hawakumaliza.

Mtawa wa zahanati aliifunga mifupa ile kadiri alivyoweza, lakini alisema wazi kwamba vidole vitatu havitakunjika tena. Lusenge hakucheza tangu hapo. Wageni waliendelea kuja kumwulizia kwa miaka, na Léa aliwaambia amesafiri, huku Lusenge mwenyewe akipita mbele yao na ndoo ya maji katika mkono wa kushoto.

Lakini siku ile, kabla ya mtawa, Léa alimkalisha jikoni, akauweka mkono wake ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Maji yakageuka rangi.

"Balikwenda?" akauliza.

"Balikwenda."

"Bote?"

"Bote, mwanangu," Léa akasema, akammegea bugali, akamlisha kwa mkono wake.